Nitaingiaje Medill na shule yetu haina gazeti?

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 16, nipo darasa la 11 hapa Fort Worth, Texas. Nilizaliwa kambi ya Nyarugusu, Kigoma. Wazazi wangu ni Wabembe wa Fizi. Tumeshapata grini kadi. Nataka kusomea uandishi wa habari, na nataka Medill, shule ya uandishi ya Chuo Kikuu cha Northwestern, au Chuo Kikuu cha Columbia kwa kuwa ndiko zinakotolewa Tuzo za Pulitzer. Shida ni kwamba sina cha kuonyesha. Gazeti la shule lilikufa mwalimu aliyelisimamia alipohama, na makala yangu ya mwisho, kuhusu mabasi ya shule, mkuu wa shule aliizuia. Wenzangu wanaoitaka fani hii wanakwenda kozi za kiangazi za maelfu ya dola. Mimi kiangazi nalea wadogo zangu mama akiwa kiwandani (na siku za shule natolewa darasani kwenda kuwatafsiria wazazi wanaoongea Kiswahili). Muda wa kuandika naupata wapi?

Mwalimu mshauri ananiambia insha yangu iwe ya maisha ya kambini, eti itawagusa. Mimi sitaki kuandika ya kambini. Baba naye anasema uandishi ni kazi ya njaa, nisome uuguzi. Ananipa mfano wa Sauti ya Amerika: hata hiyo imenyamazishwa. Je, niache?

Msichana wa Fort Worth

Marahaba, mwanangu.

Nimeisoma barua yako, na iliponikwamisha si kwenye Medill wala kwenye insha. Ni kwenye yale mabano. Unatolewa darasani kwenda kuwatafsiria wazazi wa watu! Nani anakuita? Somo gani linakupita? Wilaya ya elimu ina wakalimani wa kulipwa au haina? Kama inao, mbona anaitwa mtoto wa miaka 16? Na mzazi anayeambiwa kwamba mwanawe ana tatizo la kujifunza, anajisikiaje kuyapokea maneno hayo kutoka kinywani mwa binti wa jirani?

Unaniambia huna cha kuonyesha, na habari umeikalia.

Nakushauri uiandike, tena mwaka huu, kabla hujagusa fomu ya chuo chochote. Anza na nyaraka. Texas ina sheria ya taarifa za umma inayomruhusu mtu yeyote kuomba kumbukumbu za taasisi za umma, wilaya za elimu zikiwemo. Huhitaji wakili, barua pepe inatosha. Omba mikataba ya ukalimani ya miaka mitatu iliyopita, na malipo yaliyofanywa kwa ajili ya Kiswahili. Ombi liwe finyu, maana wanaweza kukutoza gharama wakiona kazi ni kubwa. Wasipoweza kukupa ndani ya siku 10 za kazi, wanatakiwa wakueleze kwa maandishi ni lini watakupa. Ziweke barua zote, hata ile ya kukukatalia. Ya kukukatalia hasa.

Kisha tafuta watoto wengine. Kanisani wapo, na kwenye nyumba mnazopanga wapo. Wahoji na wazazi, kwa Kiswahili, jambo ambalo waandishi wengi wa magazeti ya mji wako hawaliwezi. Majina yahakiki herufi kwa herufi. Watu wetu wengi waliandikiwa majina na makarani waliokuwa na haraka, wakabaki na makosa hayo kwenye kila cheti. Mwisho wa yote wape wilaya nafasi ya kujibu, na jibu lao ulichapishe hata kama linakuudhi.

Hapa kuna mitego miwili, na ninaisema mapema kwa sababu ndiyo itakayokutofautisha na mtu anayependa tu kuandika. Uliyoyasikia ukiwa mkalimani si yako. Mama aliyekueleza habari za mwanawe mbele ya mwalimu alikuwa anaongea na mwalimu, hakuwa anaongea na gazeti. Ukitaka kisa chake, mfuate upya, mweleze unafanya nini na kitasomwa na nani, na akikataa umwache na usirudi. Mtego wa pili ni kwamba wewe mwenyewe umo ndani ya habari. Usijifiche. Mwambie msomaji kwenye aya za mwanzo kwamba nawe ni mmoja wa hao wanaotolewa darasani.

Kuhusu mkuu wa shule: uamuzi wa Mahakama Kuu ya Marekani wa mwaka 1988, kesi ya Hazelwood, uliwapa wakuu wa shule uwezo mkubwa wa kuzuia makala katika magazeti yanayoendeshwa na shule. Baadhi ya majimbo yametunga sheria za kuupunguza. Texas haimo. Ila unachoandika nyumbani, kwa muda wako na kifaa chako, ukakichapisha nje ya shule, ni jambo jingine kabisa. Wakikusumbua, kuna Student Press Law Center, inayowasaidia waandishi wanafunzi kisheria bila malipo tangu 1974. Na katika mji wako kuna Fort Worth Report, chumba cha habari kisicho cha biashara kilichoanza 2021. Waandikie, mweleze mhariri ulicho nacho kwa aya mbili. Wakikataa, chapisha mwenyewe. Makala yenye nyaraka na watu waliohojiwa ni makala, iwe na nembo ya gazeti au isiwe nayo.

Sasa vyuo. Columbia iondoe kwenye orodha yako kwa sasa. Shule yake ya uandishi, iliyofunguliwa 1912 kwa fedha za Joseph Pulitzer, inapokea watu waliokwishamaliza shahada ya kwanza. Utakwenda baadaye ukitaka. Huyo Pulitzer mwenyewe alifika Marekani 1864 akitokea Hungaria, Kiingereza kikimpiga chenga, na kazi yake ya kwanza ya uandishi, 1868, aliipata katika Westliche Post, gazeti la Kijerumani la wahamiaji wa St. Louis. Nakutajia hilo kwa sababu naona barua yako inahesabu Kiswahili kama mzigo.

Kama ni Columbia unaitaka, iko nyingine: mji wa Columbia, jimbo la Missouri, penye shule ya uandishi iliyoanzishwa 1908 na Walter Williams, ambayo hutajwa kuwa ya kwanza duniani. Wanafunzi wake wanajifunza kwa kuitumikia jamii halisi: gazeti la Columbia Missourian, kituo cha televisheni cha KOMU, redio. Kwa mtu wa aina yako naiona ni bora kuliko vyuo kadhaa vyenye majina mazito, ingawa ukitoka jimbo jingine bei yake lazima uiangalie.

Medill ni chaguo zuri, sikukatazi. Unaomba Northwestern na kuitaja Medill moja kwa moja kwenye fomu, na chuo kizima hupokea chini ya mtu mmoja katika kila waombaji 10. Kwa idadi hiyo wanakataliwa hata watoto ambao hawana kasoro yoyote, kwa hiyo usiifanye kuwa mlango pekee. Texas nayo ina sheria yake ya 1997: walio katika 10% ya juu ya darasa lao wanapata nafasi moja kwa moja katika vyuo vikuu vya umma vya jimbo. UT Austin imeruhusiwa kubana zaidi, na sasa inachukua 5%. Angalia umesimama wapi. Tahadhari moja: kuingia chuoni namna hiyo hakukuhakikishii nafasi katika fani unayoitaka, hivyo fomu bado inahitaji umakini. Pale Austin kuna The Daily Texan, gazeti la wanafunzi tangu 1900. Na jirani yako, Denton, University of North Texas wana shule ya uandishi ya Mayborn, ambako unaweza kusoma huku ukilala kwenu.

Fedha nitazisema bila kuzunguka. Gharama za mwaka mmoja Northwestern, kwa bei ya kwenye karatasi, zinapita dola 90,000. Bei hiyo si ya familia ya mama wa kiwandani: chuo kinaahidi kuziba pengo lote la uwezo wa familia, bila kuweka mikopo ndani yake. Kwenye tovuti ya kila chuo kuna kikokotoo cha gharama. Kaa na baba yako, mjaze mapato halisi, muone mtabakiwa na nini. Usipeleke ombi la mapema lile la kujifunga, ambalo Northwestern hulipokea hadi Novemba 1, kabla hamjafanya hesabu hiyo, maana ukikubaliwa unatakiwa kuyaondoa maombi mengine yote. Angalia pia QuestBridge, ambao huunganisha wanafunzi wa familia za kipato cha chini na vyuo vya namna hii kwa ufadhili kamili wa miaka minne. Northwestern ni mmoja wa washirika wao, kuomba ni bure, na dirisha hufungwa mwishoni mwa Septemba ya darasa la 12. Na mkopo wa benki kwa ajili ya digrii ya uandishi wa habari, mwanangu, usichukue. Kwa chuo chochote kile.

Kozi za kiangazi za maelfu ya dola zisikunyime usingizi. Nyingi zinapokea karibu kila anayelipa, na wasomaji wa maombi wanalijua hilo. Ukitaka moja ya maana, Princeton wana programu ya uandishi ya bure kwa wanafunzi wa darasa la 11 wa familia zenye kipato kidogo, tangu 2002. Na fomu ya maombi ya vyuo ya Common App, yenye nafasi 10 za kutaja shughuli zako, ina kifungu cha majukumu ya kifamilia. Kulea wadogo zako kunaandikwa hapo, bila aibu. Ukalimani nao ni shughuli inayojitegemea.

Insha ya fomu hiyo haizidi maneno 650, na mwalimu mshauri hana mamlaka juu yake. Nyarugusu ni yako. Unaweza kuiandika ukiwa na miaka 40, au usiiandike kabisa. Najua anakutakia mema, lakini kuna jambo baya katika kumwambia mtoto auze machungu yake ili wageni wamhurumie. Andika jinsi ulivyoifuatilia habari ya ukalimani: nani alikufungia mlango, wapi ulijikuta umekosea hesabu, nini ulikuwa unakiamini kabla ya nyaraka kukusahihisha. Wanaochagua waandishi wa kesho wanataka kuona akili ya mtu anayehakiki.

Nimfikie baba yako. Hajakosea. Machi 2025 wafanyakazi wa Sauti ya Amerika walipelekwa likizo ya lazima, idhaa ya Kiswahili ikiwemo. Na tangu 2005 Marekani imepoteza zaidi ya theluthi moja ya magazeti yake. Takwimu hizo hukusanywa na Medill hiyo hiyo unayoililia. Mzee aliyetoka Fizi akawafikisha Texas ana haki ya kuuliza utakula nini. Usimjibu kwa neno ndoto. Mpelekee hesabu ya kikokotoo, na umweleze kwamba Northwestern inakuruhusu kusoma fani ya pili sambamba na uandishi: takwimu, uchumi, masomo ya afya. Mwandishi anayejua kusoma bajeti ya hospitali ana kazi zaidi ya moja mbele yake. Uuguzi ni kazi ya heshima, ila mgonjwa hastahili muuguzi aliyelazimishwa.

Kwa hiyo usiache. Barua ya kuomba nyaraka ipeleke wiki hii.

Nanyi wazazi mnaoisoma safu hii mkiwa Fort Worth, Louisville au Columbus: Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 inakataza shule zinazopokea fedha za serikali kuu kuwabagua watu kwa asili yao, na kwa miaka mingi imetafsiriwa kuwa inazitaka ziongee na mzazi kwa lugha anayoielewa. Mkiitwa shuleni, ombeni mkalimani wa watu wazima, na watoto waachwe darasani.