Usiku wa Muzdalifa: Utalalia nini?



Ndugu msomaji, wiki hii safu yetu ya afya na usafi itazungumzia jambo ambalo wengi hulipuuza wanapofunga mizigo ya Hijja, nalo ni kitu cha kulalia. Semina za mahujaji zinafundisha vizuri nguzo na wajibu wa Hijja. Zinahimiza chanjo ya homa ya uti wa mgongo, na zinamkumbusha mgonjwa wa kisukari achukue dawa za kumtosha. Lakini tandiko la Muzdalifa hutajwa kwa maneno mawili tu, "chukueni mkeka". Mkeka gani, wa unene gani, na kwa mgongo wa nani, hayo hayasemwi.

Nilianza kulifuatilia jambo hili baada ya mama mmoja mtu mzima kunijia kituoni wiki chache baada ya kurudi Hijja. Maumivu yalianzia kiunoni yakateremka hadi unyayoni. Alikuwa na tatizo la pingili za mgongo kwa miaka, lakini alikuwa akitembea na kufanya kazi zake. Muzdalifa alilala juu ya mkeka wa plastiki uliotandikwa kwenye changarawe. Alfajiri alishindwa kuinuka. Wenziwe walimbeba, akapandishwa kiti cha magurudumu, na rajmu ya siku ile na zilizofuata akatupiwa na mwanawe. Sheria inaruhusu mtu asiyeweza kuwakilishwa, na hijja yake haina dosari kwa hilo, inshaAllah. Lakini mama yule alilia mbele yangu. Aliweka akiba miaka mingi kwa ajili ya siku zile, na kilichomwangusha ni usiku mmoja juu ya mawe.

Usiku wenyewe ukoje

Hebu tuutazame usiku ule kwa jicho la tabibu. Hujaji ameshinda Arafa tarehe 9 Dhul-Hijja, katika joto, amesimama na kuomba hadi jua lilipozama. Kisha anakwenda Muzdalifa, mwendo wa kama kilometa 8 au 9, kwa basi linalotambaa katika msongamano au kwa miguu. Hapo anaswali Maghrib na Isha kwa kuzikusanya, kisha analala nje, bila hema. Kinachomngoja tarehe 10 ndiyo siku nzito kuliko zote: kutupa mawe, kuchinja, kunyoa, tawaf na kusai.

Katika hadithi ndefu ya Jabir (r.a) iliyomo katika Sahih Muslim tunasoma kwamba Mtume (s.a.w) alipomaliza swala Muzdalifa alilala mpaka alfajiri. Kwa hiyo kupumzika pale ni kufuata mwenendo wake, na anayejitayarishia mahali pa kulala asidhaniwe kuwa anatafuta anasa. Tunajua pia kuwa aliwaruhusu wanyonge katika watu wake, akiwemo Bi Sauda (r.a), kutangulia kuondoka usiku. Mgonjwa na mzee wazungumze mapema na kiongozi wa msafara kuhusu ruhusa hiyo. Lakini hata anayetangulia hulala saa kadhaa kwanza.

Ardhi ngumu hudhuru kwa njia mbili. Ya kwanza ni mgandamizo. Ukilala ubavu, uzito wako unaangukia bega na nyonga. Pale mfupa ulipo karibu na ngozi damu haipiti vizuri, na mwili unakuamsha ili ugeuke. Kijana atageuka mara nyingi na kuamka na uchovu tu. Mzee mwembamba, au mwenye kisukari ambaye miguu yake imekufa ganzi, huenda asipate ile ishara ya maumivu, na ngozi ikaanza kuharibika. Ya pili ni joto na baridi. Ardhi hunyonya joto la mwili unaoigusa moja kwa moja, na katika miezi ya kiangazi lami iliyopigwa jua kutwa hukurudishia joto hilo usiku. Kwa hiyo hata msimu wa joto unahitaji kitu cha kukutenga na ardhi. Hijja hurudi nyuma kwa takriban siku 11 kila mwaka, na kabla ya miaka ya 2030 kwisha itakuwa imeingia katika miezi ya baridi ya Makka. Usinunue ukidhani joto ni la kudumu.

Aina tatu na uzito wake

Vifaa vya kulalia vya wasafiri viko vya namna tatu. Upo mkeka wa sponji ngumu isiyonyonya maji, wa unene wa sentimeta moja au mbili. Ni mwepesi, gramu 300 hadi 450 hivi, hautoboki, na bei yake ni nafuu. Ubaya wake ni kwamba ni mnene kuubeba na hausaidii sana nyonga ya mtu mzima. Lipo godoro lenye sponji ndani ambalo ukifungua valvu linavuta upepo lenyewe. Hilo ni zuri kwa mgongo, lakini lina uzito wa kati ya gramu 600 na kilo moja na nusu. Na lipo godoro jepesi la upepo mtupu, lenye unene wa sentimeta 5 hadi 10, uzito wa gramu 350 hadi 700, ambalo likikunjwa linakuwa kama chupa ya maji ya lita moja. Kwa hujaji anayebeba begi moja dogo la mgongoni baada ya kuacha mzigo mkubwa hotelini, hili la tatu ndilo ninalolipendekeza kwa walio wengi, hasa kuanzia umri wa miaka 45 hivi na kwa kila mwenye maumivu ya kiuno au nyonga. Kijana mwenye afya mkeka wa sponji unamtosha, na fedha inayobaki aitoe sadaka.

Usichanganye na vitu viwili vinavyofanana nalo. Kuna boya la kuchezea ufukweni. Mzee mmoja wa msikitini kwetu aliuziwa hilo dukani kuwa ni godoro la safari, likapasuka saa sita za usiku. Na kuna yale magodoro makubwa ya kulaza wageni yanayohitaji pampu ya umeme. Yanapita kilo mbili na huko hakuna pa kuchomeka waya.

Ukifika dukani, mambo ya kutazama ni haya. Urefu wa kawaida ni sentimeta 183 na upana 51. Mtu mwenye mwili atafute upana wa 64, maana mkono ukining'inia usiku kucha bega huuma. Unene uwe angalau sentimeta 6 kwa anayelala ubavu. Kitambaa cha nailoni nene kidogo ni bora kuliko kile chepesi mno kinachosifiwa kwa gramu zake, kwa sababu ya changarawe. Na kisikilize. Lalia na ujigeuze hapo hapo dukani. Mengine yanapiga kelele kama mfuko wa karatasi, na Muzdalifa jirani yako yuko umbali wa kiganja.

Pia utaona namba iliyoandikwa R. Hiyo ni kipimo cha jinsi godoro linavyozuia joto lisipite. Kubwa zaidi, linatenga zaidi. Zamani kila mtengenezaji alipima kwa njia yake, lakini tangu mwaka 2020 wengi wa wakubwa wanatumia kipimo kimoja, hivyo namba zinaweza kulinganishwa. Kwa Hijja ya miezi ya joto R ya 1 au 2 inatosha. R ya 4 na kuendelea ni ya wanaolala kwenye baridi kali, nawe utalipia bei bila faida. Muuzaji akikuambia namba kubwa ndiyo ubora, mshukuru na upite.

Kulijaza bila kuzimia

Hapa ndipo watu wanapojidhuru. Kupuliza kwa mdomo pumzi 15, 20 au zaidi kwa haraka huitoa mwilini hewa ya kaboni kupita kiasi. Mishipa ya damu ya ubongo inajibana, kichwa kinazunguka, vidole vinapata ganzi. Kwa mtu aliyepungukiwa maji baada ya Arafa, huo ni mwaliko wa kuanguka. Wenye pumu, shinikizo la damu na maradhi ya moyo wasipulize kabisa. Nunua godoro lenye mfuko wake wa kujazia. Unaukamata upepo ndani ya mfuko mwepesi, unaukunja, na upepo unaingia ndani ya godoro. Faida ya pili ni usafi. Pumzi yetu ina unyevu mwingi, na unyevu huo ukibaki ndani ya godoro lililokunjwa huotesha ukungu, ambao si mzuri kwa mapafu ya mtu yeyote, seuze mwenye pumu.

Usilijaze mpaka likawa gumu kama ngoma. Kipimo ni hiki: lala ubavu, pitisha kiganja chini ya nyonga yako. Ikiwa nyonga haigusi ardhi lakini inazama kidogo, hapo ndipo. Ukilijaza alasiri juani, acha nafasi, kwa sababu upepo hutanuka kwa joto na mishono inaweza kuachia. Likilegea kidogo usiku wakati hewa inapopoa, usidhani limetoboka, ongeza pumzi moja mbili. Kwenye ndege liwe halina upepo ndani.

Chini yake tandika turubai jepesi au ule mkeka wako wa plastiki, na kabla ya hapo papasa ardhi kwa kiganja uondoe mawe makali. Tunaokota kokoto za rajmu Muzdalifa, basi anza na zile zilizo chini ya mbavu zako. Beba viraka na gundi vinavyokuja nalo. Kuziba ni kazi ile ile ya fundi baiskeli: paka povu la sabuni, tazama linapotoa mapovu, kausha, bandika, subiri gundi ishike. Sabuni iwe isiyo na manukato kwa aliye katika ihramu. Na mtu asisahau ile sunna ya kukung'uta tandiko kabla ya kulala. Tabibu anaiunga mkono kwa mikono miwili, maana wadudu hujificha hapo.

Twahara na swala juu yake

Tumeulizwa kama mwenye ihramu anaweza kulalia godoro lililoshonwa. Kilichokatazwa mwanamume ni kuvaa kilichoshonwa kwa umbo la kiungo, na kulalia si kuvaa. Kuweka kichwa juu ya mto nako hakuhesabiwi kuwa ni kukifunika. Jifunike shuka mwilini, kichwa kibaki wazi. Na aliyelala akinyooka juu ya godoro atatawadha upya kwa ajili ya alfajiri.

Kuhusu kuswali juu yake, mimi naona uteremke. Kwa sisi tuliosoma vitabu vya Shafi, sijda inataka paji la uso litulie na kukandamiza kilicho chini yake, na juu ya upepo kichwa kinayumba. Tandika msala chini. Mgonjwa asiyeweza kuteremka ana hukumu yake.

Likipata najisi, kitambaa cha nailoni ni rahisi kukisafisha: futa, kisha mimina maji yapite juu yake. Ukishatumia, lifute kwa maji na sabuni kidogo, lianike kivulini valvu ikiwa wazi, na lihifadhi bila kulibana sana. Usiwaazime watu kabla halijakauka, kwa sababu upele huhama kwa matandiko.

Nyumbani litakufaa kwa itikafu ya kumi la mwisho, pale sakafu ya marumaru inapouma viungo, na kwa kambi za vijana, ambako chandarua kinachomekwa chini yake vizuri. Lakini mama mwenye mtoto mchanga nisikilize. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja asilazwe juu ya godoro la upepo hata kwa usingizi wa mchana. Godoro linabonyea, uso wake unazama, naye hana nguvu ya kujigeuza. Watoto wamekosa pumzi na kufa kwa njia hiyo, kimya kimya, mama akiwa chumba cha pili.

Hujaji, ukilinunua, lilalie sakafuni kwako usiku mbili au tatu kabla ya safari. Mwenye magoti mabovu ajifunze papo hapo namna ya kuinuka: jigeuze ubavu, sukuma kwa mikono miwili, piga goti moja, kisha simama ukishika kitu au bega la mwenzio. Ikiwa hata hapo nyumbani huwezi kuinuka peke yako, mwambie kiongozi wa msafara sasa hivi, akupangie kiti na mtu wa kuwa nawe usiku ule.