Chungwa na Moto: Kuhifadhi Maji ya Machungwa Nyumbani

Msimu wa machungwa unapofika Muheza mkoani Tanga, au Makueni nchini Kenya, neema huweza kugeuka hasara. Matunda hukomaa kwa pamoja, bei hushuka, na mengi huoza kabla ya kupata mnunuzi. Sehemu ya hasara hiyo yaweza kuokolewa jikoni kwa moto, sukari na chupa safi. Lakini moto una tabia mbili: huhifadhi, na pia huharibu. Anayetaka kuutumia vyema sharti azijue zote mbili.

Funzo kutoka melini

Mwezi wa Mei 1747, James Lind, daktari wa manowari ya Uingereza iliyoitwa Salisbury, aliwachukua mabaharia 12 wenye kiseyeye, ugonjwa unaotoa damu kwenye ufizi na kuudhoofisha mwili. Aliwagawa wawili wawili, akawapa dawa mbalimbali, zikiwemo siki na maji ya bahari. Waliopewa machungwa mawili na limau moja kila siku walipata nafuu upesi; mmoja wao aliweza kurudi kazini baada ya siku sita.

Matunda hayadumu katika safari ndefu. Kwa hiyo Lind alishauri maji yake yapashwe moto kwa saa nyingi mpaka yawe mazito, kisha yatiwe chupani. Dawa hiyo nzito haikuwa na nguvu ya tunda bichi. Sababu yake ilieleweka katika karne ya 20. Mwaka 1928 mwanasayansi wa Hungaria, Albert Szent-Györgyi, alifaulu kuitenga asidi ambayo mwaka 1932 ilithibitika kuwa ndiyo vitamini C. Vitamini hiyo huharibiwa na hewa, na uharibifu huo huongezeka kadiri joto linavyozidi na muda unavyorefuka. Shaba nayo huuharakisha.

Kwa nini maji ya machungwa huchacha

Chungwa zima hulindwa na ganda lake. Likikamuliwa, hamira, ukungu na bakteria waliomo kwenye ganda, mikononi na vyomboni huingia katika maji yenye sukari ipatayo sehemu 10 katika 100. Hamira hula sukari hiyo, ikatoa kileo na hewa ya kaboni dayoksaidi. Ndiyo maana chupa iliyofungwa kabla ya vijidudu kuuawa huweza kupasuka.

Hata hivyo, chungwa lina msaada wake lenyewe, nao ni asidi ya sitriki. Kipimo cha pH cha maji yake kwa kawaida huwa kati ya 3.5 na 4. Bakteria watoao sumu ya botulini hawaoti pale pH inapokuwa chini ya 4.6. Kwa hiyo maji ya machungwa hayahitaji joto la nyuzi 121 za sentigredi linalotumiwa kuhifadhi nyama au maharagwe katika makopo. Nyuzi 85 hadi 90 kwa muda mfupi zatosha. Lakini asidi haichukui nafasi ya usafi, kwa maana baadhi ya bakteria wa matumbo huweza kuishi ndani ya maji hayo kwa siku kadhaa.

Namna ya kufanya

1. Chagua matunda mazima yaliyoiva. Katika nchi za joto chungwa huweza kuiva na ganda likabaki kijani, hivyo usitegemee rangi peke yake. Yaoshe kabla ya kuyakata.

2. Chemsha chupa za kioo na vizibo vyake kwa dakika 10, uviache katika maji ya moto mpaka utakapovihitaji. Kioo baridi kikitiwa maji ya moto hupasuka.

3. Kamua bila kusaga mbegu wala utando mweupe ulio chini ya ganda, kwani humo ndimo utokamo uchungu ambao mara nyingi hudhihirika baada ya maji kukaa. Chuja mara moja.

4. Tumia sufuria ya enameli au ya chuma kisichoshika kutu. Usitumie chombo cha shaba. Usitumie pia ndoo ya bati lililopakwa zinki: asidi huyeyusha zinki, na anayekunywa huweza kutapika.

5. Pasha moto upesi hadi nyuzi 85 au 90, dumisha kwa dakika moja, kisha jaza chupa karibu na mdomo, uzifunge na kuzilaza kwa dakika chache ili joto lifike kwenye kizibo. Zikipoa, ziweke mahali pa baridi na giza.

Chupa itoayo povu au harufu ya kuchacha imwagwe, isionjwe.

Sharubati: hesabu ya sukari

Sukari nyingi huvuta maji kutoka katika miili ya vijidudu, navyo vikashindwa kuzaana. Lita moja ya maji ya machungwa ina uzito wa gramu 1,040 hivi, na ndani yake mna sukari gramu 100 hivi. Tukiongeza kilo moja na nusu ya sukari, jumla ya sukari ni gramu 1,600 katika gramu 2,540, yaani asilimia 63. Pasha mchanganyiko huo mpaka sukari iyeyuke na joto lifike nyuzi 85, kisha utie chupani kama ilivyoelezwa.

Kinga hii huondoka mara sharubati inapozimuliwa. Atumiaye maji ya kisima yasiyochemshwa huweza kuwapa wageni wake kipindupindu katika gilasi safi. Izimuliwe kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, na inywewe siku ile ile. Tena, gilasi ya mililita 250 iliyotengenezwa kwa sehemu moja ya sharubati na nne za maji ina sukari gramu 40 hivi, sawa na vijiko vidogo vinane. Kinywaji hiki ni cha wageni na sikukuu. Kwa kila siku, chungwa lenyewe ni bora.

Maganda yasitupwe

Utando mweupe na mbegu vina pektini, kitu kinachogandisha jemu. Chemsha vipande vya maganda katika maji, pamoja na mbegu zilizofungwa kitambaani, mpaka vilainike kabisa. Ndipo utoe mbegu na kutia sukari, kwani ikitangulia maganda hubaki magumu. Jemu huwa tayari joto lake linapozidi kiwango cha maji kuchemka mahali hapo kwa nyuzi 4 hadi 5. Danzi hufaa zaidi, kwa ukali na wingi wa pektini. Jemu hii ni ya ladha. Isitegemewe kwa vitamini C.

Jaribio la darasani

Andaa maji ya machungwa ya aina tatu: mabichi, yaliyopashwa hadi nyuzi 85 kwa dakika moja, na yaliyochemshwa kwa saa nzima katika sufuria wazi, kisha yakarudishiwa maji yaliyopotea. Yakipoa, pima mililita 10 za kila aina, utie matone machache ya maji ya wali yaliyopoa. Dondosha iodini iliyozimuliwa, tone kwa tone, huku ukikoroga, mpaka rangi ya buluu nzito isipotee. Kadiri matone yanavyokuwa machache, ndivyo vitamini C ilivyopungua. Maji ya jaribio yasinywewe.

Maswali

1. Linganisha idadi ya matone. Kosa la dawa nzito ya Lind lilikuwa nini?
2. Kama sukari ni kilo moja tu kwa lita, ni asilimia ngapi? Je, yatosha kuzuia hamira peke yake?
3. Kwa nini jemu iliyopikwa Tanga na iliyopikwa Nairobi haziwi tayari katika joto moja?