Karani Ameacha Kazi: Je, Bado Yuko Kwenye Wi-Fi Yako?

Tuseme unanunua ndengu pale Tulia, Kitui. Wakulima wanaleta magunia, karani anapima, nawe unawalipa kwa simu. Kompyuta na simu zote za duka zinatumia Wi-Fi moja, na neno la siri limebandikwa ukutani karibu na mizani. Mwezi jana karani mmoja aliacha kazi. Leo akiketi kwa hoteli ya chai iliyo mkabala, simu yake inaingia yenyewe.

Shida iko wapi?

Ukilipa kwa menyu ya laini ya simu, PIN yako haipiti kwa Wi-Fi. Lakini aliye ndani ya mtandao wako anaweza kujaribu kuifikia kompyuta yenye orodha ya wakulima: majina, nambari za simu, nambari za vitambulisho. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inakutaka wewe uzilinde.

Cheti badala ya neno la siri

Neno la siri ni kama ufunguo mmoja uliochongwa nakala kumi. Cheti cha kidijitali ni kama kitambulisho: kila kifaa kina chake. Kifaa kikiomba kuingia, ruta huuliza huduma iliyo mtandaoni, "Huyu tunamjua?" Cheti kikiwa halali, mlango unafunguka. Mtu akiacha kazi, unafuta cheti chake pekee. Wengine hawasumbuliwi.

Fanya hivi:

1. Angalia kama ruta yako ina WPA2-Enterprise au WPA3-Enterprise. Ruta nyingi za nyumbani hazina.
2. Jiunge na huduma ya vyeti ya mtandaoni. Akaunti ya msimamizi iwekee uthibitisho wa hatua mbili.
3. Weka cheti kwa simu moja, ujaribu kwanza.
4. Acha mtandao wa zamani ukiendelea hadi vifaa vyote vihame, kisha uuzime.
5. Wateja wape Wi-Fi yao ya wageni, iliyotengwa na ya duka.

Chunga haya

Vyeti vina tarehe ya kuisha. Iandike kwa kalenda, usije ukakwama siku ya soko. Intaneti ikipotea, kifaa kipya huenda kisiweze kuingia, kwa hivyo weka bando kwa simu ya malipo. Na simu ikikuuliza kama ikague cheti cha seva, usichague "usikague". Mtu anaweza kuweka Wi-Fi bandia yenye jina la duka lako.

Kama duka lina simu mbili tu, huenda gharama hii haikufai bado. Badilisha neno la siri kila mtu anapoondoka, litoe ukutani, na utenge Wi-Fi ya wageni.

Zoezi la leo: fungua ukurasa wa ruta yako, uhesabu vifaa vilivyounganishwa. Je, vyote unavijua?