Springi za Gari la Kikundi: Ziangalieni Kabla ya Safari Ndefu



Somo la leo ni la vikundi vyenye gari. Vikundi vingi vilianza na kuku au mbuzi, vikaendelea pole pole mpaka vikanunua pikapu kuukuu ya kubeba mazao. Gari hilo huenda soko la karibu mwaka mzima bila neno. Halafu maembe yanaiva, inasikika kwamba bei ya Mombasa ni nzuri kuliko ya hapa, na kikundi kinaamua kupeleka mzigo chenyewe. Hapo ndipo taabu huanzia. Gari lililozoea kilomita 15 linaambiwa liende 400, likiwa limejaa mpaka juu, na anayeliendesha ni kijana wetu wenyewe.

Watu wakijiandaa kwa safari hukumbuka mafuta, maji na tairi. Springi hazikumbukwi. Ziko chini, zimejaa matope, na mara nyingi hazisemi kitu mpaka zivunjike. Springi ikivunjika kwenye mteremko, ekseli inaweza kuhama na gari likakataa kufuata usukani.

Kwanza tutenganishe vitu viwili. Springi ndiyo inayobeba uzito. Shoki haibebi uzito. Kazi yake ni kutuliza springi ili isiendelee kuruka-ruka baada ya shimo. Gari likiinama upande mmoja likiwa tupu, tazameni springi. Likinesanesa kama kitanda kila baada ya tuta, tazameni shoki. Kujua hili kutawaokolea pesa, maana wako watu watakaowauzia shoki mpya kumbe shida ni bamba lililovunjika.

Springi ya nyuma ya pikapu ni mabamba ya chuma yaliyopangwa moja juu ya jingine. Bamba kuu, lile refu kuliko yote, lina masikio mawili yanayoshikwa kwenye chesisi. Katikati ya mabamba yote hupita bolti moja, senta bolti. Kisha kuna yu-bolti, mbili kila upande, zinazoibana springi kwenye ekseli.

Hizi yu-bolti ndizo tunazowaomba mzitazame kuliko kitu kingine chochote. Zikilegea, mabamba huanza kucheza pale katikati penye tundu la senta bolti, na hapo ndipo chuma ni dhaifu. Bamba hupasuka hapo, au senta bolti hukatika na ekseli ikateleza upande mmoja. Mtu anayefuata nyuma huliona gari likienda kimshazari kama mbwa anayekimbia. Kilichohitajika kilikuwa spana na dakika chache!

Ukaguzi ufanywe siku kumi kabla ya safari. Jioni ya kuamkia safari umechelewa, kwa sababu ukipata kasoro huna siku ya kutafuta springi. Simamisheni gari mahali tambarare bila mzigo, vuteni breki ya mkono, wekeni mawe mbele na nyuma ya magurudumu. Mambo mengi huonekana gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Ikibidi kuliinua, mtu asiingie chini likiwa limeshikwa na jeki peke yake. Wekeni magogo mapana ya mti mgumu chini ya chesisi. Msitumie matofali wala mawe ya kujengea, kwa sababu hupasuka ghafla.

Chukueni futi kamba ya fundi cherehani. Pimeni kutoka katikati ya gurudumu kwenda juu mpaka ukingo wa madigadi, upande wa kulia na wa kushoto, mkaandike. Tunapima kutoka katikati ya gurudumu ili tairi yenye upepo kidogo isitudanganye. Tofauti ikiwa ni zaidi ya sentimita 2, kuna springi iliyochoka au bamba lililokatika. Vipimo hivyo vitunzwe katika daftari la gari, maana mwakani vitawaonyesha springi imeshuka kiasi gani.

Halafu osheni springi kwa maji na brashi. Springi yenye matope haikaguliki. Tafuteni ufa, hasa karibu na masikio na karibu na yu-bolti. Ufa wa zamani huonekana kama mstari wa kutu. Mkiona mahali panang'aa ambapo zamani palikuwa na kutu, mjue mabamba yamehama. Tikiseni masikio kwa mtaimbo mkitazama bushi zilizomo ndani. Bushi za mpira zikiwa zimepasuka au kuliwa upande mmoja, zibadilishwe. Hapa kuna kosa linalofanywa kila mahali: watu humwagia oili bushi za mpira ili zisilie. Oili hulainisha mpira na kuuharibu. Grisi ni ya zile bushi za chuma zenye nipo, na hizo zipigwe grisi mpaka ile chafu itoke.

Shoki ni kazi fupi. Ikiwa imelowa oili na vumbi limeganda juu yake, imekwisha. Baada ya kutoka barabara mbaya, zisogelee kwa mkono pole pole: zinazofanya kazi zitakuwa na joto, na iliyo baridi kuliko wenzake imekufa. Zinunuliwe mbili mbili kwa ekseli moja. Springi za mbele zilizojikunja kama nyoka msizifungue wenyewe. Zimebanwa kwa nguvu nyingi sana na zinaweza kumuua mtu. Mpeni fundi mwenye kifaa cha kuzibana.

Sasa yale mambo mawili ambayo kila jua kali atawaambia yanawezekana. La kwanza ni kulehemu bamba lililovunjika. Chuma cha springi kilipata nguvu yake kwa kuchomwa na kupozwa kwa kipimo kiwandani. Moto wa kulehemu huiondoa nguvu hiyo, na bamba hukatika tena kando ya pale palipolehemiwa. Tunasema msikubali, hata akiwapunguzia bei.

La pili ni kuongeza bamba ili gari libebe zaidi. Gari litasimama wima, ni kweli, na hilo ndilo linalodanganya watu. Breki ni zile zile, ekseli ni ile ile, tairi ni zile zile. Pikapu ya tani moja hubeba kilo 1,000. Magunia 11 ya kilo 90 ni kilo 990, na hapo imejaa. Akina mama wawili wakipanda juu ya magunia kwenda kusimamia mauzo, mmezidisha, na mmewaweka mahali ambapo springi ikikatika hawana cha kushika. Waende kwa basi, na nauli yao ihesabiwe katika gharama za mzigo.

Tuseme neno pia kwa walio na magari ya kliniki ya kuhama, yenye kabati, kitanda na tangi la maji. Gari la namna hiyo halipumziki hata likiwa limeegeshwa, kwa kuwa springi zake zina mzigo usiku na mchana, na hushuka kidogo kidogo bila mtu kujua. Tangi la lita 200 ni kilo 200. Limwageni gari likikaa wiki nyingi bila kazi.

Tunakuja kwenye jambo lililo gumu kuliko spana. Tuseme mkaguzi amekuta ufa siku tatu kabla ya safari, maembe yamekwisha kuchumwa, na mnunuzi anangoja. Mwekahazina anasema twende tu, tutatengeneza tukirudi. Wazee wanasema gari limeenda miaka yote. Kijana wa miaka 24 atawezaje kuwakatalia? Ndiyo maana uamuzi huu ufanywe mapema, wakati hakuna embe lililoiva, na uandikwe katika kumbukumbu za mkutano: aliyeteuliwa kukagua akisema gari lisiondoke, haliondoki, hata mwenyekiti akitaka. Andikeni pia kiasi cha kutengwa kila safari kwa matengenezo. Mkitenga shilingi 300 kwa safari, na gari likienda soko mara mbili kwa wiki, kwa mwaka ni zaidi ya shilingi 30,000.

Ndani ya gari chukueni senta bolti na yu-bolti za akiba, waya mgumu au mnyororo, na kipande cha mti mgumu. Bamba likikatika njiani, shusheni mzigo, pachikeni mti kati ya ekseli na chesisi, mfunge kwa mnyororo, kisha gari liende mwendo wa miguu mpaka kwa fundi wa karibu. Na kama springi imefunguliwa kabla ya safari, yu-bolti zikazwe tena baada ya kilomita mia chache, maana mabamba hujikalia na nati hulegea.

Maswali ya kuzungumzia katika kikundi:
1. Nani kati yetu anakagua gari letu, na mara ya mwisho alilikagua lini?
2. Akikataa safari, ni nani atakayemkasirikia, na tutamlinda namna gani?
3. Katika safari iliyopita tulibeba kilo ngapi, pamoja na watu?