Mlinzi Aliyeondolewa Langoni: Saratani ya Mlango wa Kizazi

Enyi mama zetu wa Likoni, Kisauni na Changamwe, saratani ya mlango wa kizazi haitokani na husuda wala kurogwa, wala aliyepatwa nayo hana la kuonea haya; asili yake ni virusi viitwavyo HPV, ambavyo wengi huambukizwa katika unyumba bila ya kuhisi lolote, na aghalabu mwili huvifukuza wenyewe.

Kila seli ya mwili ina jeni, nazo ni maagizo ya urithi: nyingine huiamrisha seli igawanyike, nyingine huizuia mpaka wakati wake uwadie. Aliyewahi kusimama kivukoni Likoni alfajiri, akauona umati umesongamana ukingoja lango la feri lifunguliwe, atafahamu kwamba chombo ki salama maadamu yupo wa kufunga na kufungua. Katika seli, mmoja wa walinzi hao ni protini iitwayo p53, ambayo jeni zikipata hitilafu huisimamisha seli mpaka itengenezwe, ama huiamuru ife. HPV za aina ya 16 na 18, zisababishazo takriban asilimia 70 ya saratani hii duniani, huiacha jeni ya mlinzi ikiwa nzima, ila humwangamiza mlinzi mwenyewe kila azaliwapo. Tangu hapo seli huzaana pasi na idhini, na hitilafu zisizorekebishwa hulimbikizana mwaka hata mwaka.

Mwendo huo, alhamdulillahi, ni wa taratibu, kwa kawaida miaka 15 hata 20, ingawa kwa anayeishi na virusi vya Ukimwi bila ya dawa huweza kuwa 5 hata 10. Ndani ya muda huo mabadiliko huweza kugunduliwa kwa kupimwa: muuguzi hupangusa mlango wa kizazi kwa pamba iliyochovywa katika siki iliyozimuliwa, akangoja kiasi cha dakika moja, na palipo na seli za kutiliwa shaka hugeuka peupe mbele ya macho yake. Doa hilo huweza kuondolewa kwa baridi kali au kwa joto kabla halijawa saratani.

Na kwa kuwazuia virusi hao tangu mwanzo, chanjo ya HPV kwa wasichana wa miaka 10 ilizinduliwa papa hapa Mombasa mnamo Oktoba 2019, na uvumi kwamba huwafanya tasa ni uwongo.

Basi ewe mama wa miaka 25 hata 49, usingoje maumivu. Nenda zahanati iliyo karibu nawe, useme, “Nataka kupimwa mlango wa kizazi.” Na ukitokwa na damu baada ya unyumba, ama baada ya hedhi kukoma, nenda leo.