Hewa Inapouzunguka Moyo wa Mtoto

Hewa ni uhai, lakini yapasa ikae mahali pake. Ikivuja kutoka mapafuni na kukusanyika kando ya moyo, huwa maradhi. Katika somo hili tutaona jinsi inavyofika huko, dalili zake na tiba yake.

NJIA YA HEWA. Mapafu yamejaa vifuko vidogo vyenye kuta nyembamba sana. Mtoto mwenye pumu akikohoa kwa nguvu, huku njia zake za hewa zimebana, baadhi ya vifuko hivyo huweza kupasuka. Hewa hufuata kandokando ya mishipa ya damu mpaka katikati ya kifua, na aghalabu hupanda shingoni chini ya ngozi. Mara chache huingia ndani ya mfuko wenyewe uufunikao moyo. Jambo hili huonekana zaidi kwa watoto waliozaliwa kabla ya wakati, ambao husaidiwa kupumua kwa mashine.

DALILI. Kifua huuma ghafula, na maumivu huzidi mtoto avutapo pumzi. Huhema, sauti hubadilika na shingo huvimba. Ngozi ya shingo ikiguswa, huchakarika chini ya vidole. Mwaka 1939 Daktari Louis Hamman wa Baltimore, Marekani, alieleza mlio wa kukwaruza usikikao kifuani pamoja na kila pigo la moyo. Katika picha ya eksirei, hewa hiyo huonekana kama ukanda mweusi kando ya moyo.

TIBA. Hewa iliyo nje ya mfuko wa moyo mara nyingi haihitaji kutolewa. Mtoto hulazwa na kuangaliwa, hupewa dawa ya maumivu, na pumu yake hutibiwa. Mwili huinyonya hewa hiyo polepole kwa muda wa siku kadhaa.

Lakini hewa iliyofungwa ndani ya mfuko ni jambo jingine. Mfuko huo hautanuki upesi. Kwa hiyo hewa ikizidi, moyo hubanwa usipate nafasi ya kujaa damu. Mapigo ya mkononi huwa dhaifu, midomo hubadilika rangi, na mtoto hulegea. Hapo hakuna kungoja. Daktari huingiza sindano chini ya ncha ya mfupa wa kifua, akaivuta hewa, na pengine huacha mrija mwembamba ili isirudi kujaa.

WAJIBU WETU. Mwenzetu mwenye pumu akishikwa na maumivu ya kifua au akivimba shingo, tusiseme, "Ni pumu yake ya kila siku." Tumkalishe wima, avute dawa yake, tumwite mwalimu, naye apelekwe hospitali upesi. Tusimkande kifua wala shingo.

MASWALI
1. Eleza njia ipitayo hewa kutoka pafuni mpaka shingoni.
2. Kwa nini hewa iliyo ndani ya mfuko wa moyo ni ya hatari kuliko iliyo nje yake?