Samaki-Jua Mchanga: Umbo Lake na Maisha ya Kundi

Samaki-jua ni samaki mkubwa wa bahari kuu, bapa kama sinia, ambaye mwili wake huishia ghafla pasipo mkia. Wanasayansi humwita Mola mola. Jina hili halihusiani na Mola Muumba. Ni neno la Kilatini lenye maana ya jiwe la kusagia.

Mtoto wa samaki huyu hafanani na mzazi wake. Anapoanguliwa hafikii urefu wa milimita 3. Baadaye miiba humwota mwilini pande zote, hata akaonekana kama nyota ndogo. Mkia aliozaliwa nao hupotea, na mahali pake hutokea ukingo mpana ufanyao kazi ya usukani. Kwa sababu ya tofauti hizo, zamani wataalamu walimdhania kuwa samaki wa aina nyingine, wakamwita Molacanthus.

Tabia nayo hutofautiana. Samaki-jua mzima aghalabu huogelea peke yake, bali wachanga huandamana kwa makundi. Yafikiriwa kwamba wingi huwakinga na maadui. Katika ghuba ya Monterey, Marekani, simba-bahari huwanyofoa mapezi samaki-jua wadogo na kuwarusha huku na huko.

Kundi laweza kuwa na faida nyingine. Mwezi Julai 2010, watafiti wa Japani waliokuwa katika Pasifiki ya magharibi waliona kundi la samaki-jua wasiopungua 57, likifuatwa na ndege waitwao albatrosi. Mtazamaji wa haraka angesema kwamba ndege walikuwa wakiwala samaki. Kumbe waliwang'oa vimelea vilivyojichomeka katika ngozi, na samaki wenyewe waliwasogelea ndege wakiwa wamelala ubavu.

Hata hivyo, kinga ya kundi haifui dafu mbele ya nyavu, kwani wengi waweza kunaswa kwa pamoja. Mwaka 1921, Johannes Schmidt alikadiria kwamba ovari ya jike mmoja ilikuwa na mayai milioni 300. Je, kiumbe mwenye uzazi wa namna hiyo aweza kupungua? Naam, kwa kuwa ni wachache mno wanaofikia utu uzima. Tangu 2015 Mola mola ameorodheshwa kimataifa miongoni mwa viumbe walio hatarini kutoweka. Basi wingi wa mayai usitufanye tudhani kwamba samaki hawa hawawezi kwisha baharini.